Nyamusi na Jina la Ndugu Yake

Nyamusi ni mtoto wangu wa pili. Ni msichana wa miaka ishirini na mmoja, mwembamba, na tangu utotoni hupenda kufungua vitu. Alipokuwa darasa la nne aliifungua redio ya baba yake, akaifunga tena, skrubu mbili zikabaki nje, na redio ikaimba vizuri kuliko zamani. Zile skrubu alizificha chini ya godoro karibu mwaka mzima. Ndivyo alivyo. Hutengeneza kitu kikapona, halafu hukaa akingoja kulaumiwa.

Tunaishi Suna, kwenye ploti ya vyumba sita nyuma ya kinu cha posho. Sisi ni Wakisii tuliokuja Migori kuuza ndizi, na kibanda changu kiko sokoni, upande wa wauza mboga. Mume wangu Machuki ni soja, mlinzi wa lango la ofisi moja huko Homa Bay, na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Watu huniita Mama Omanga. Wajaluo huniita Min Omanga. Omanga ndiye aliyekuwa kifungua mimba wangu. Alifukiwa na shimo la dhahabu huko Macalder mwaka juzi, wakati wa mvua ndefu, akiwa na miaka ishirini na minne. Walimtoa siku ya pili. Simu yake haikupatikana, na siku kama ile hakuna aliyeuliza habari ya simu.

Kompyuta tuliyo nayo ilitoka kwa ile ofisi ya Homa Bay. Walipoleta mpya, za zamani waliziweka kwenye korido, na Machuki akapewa moja kwa kuwa alikuwa amezilinda miaka saba. Ilikuwa nzito na polepole. Windows iliyokuwamo ilichukua muda wa kuchemsha maharagwe kuamka. Fundi Nashon, rafiki wa mume wangu, ana duka karibu na stendi ya Homa Bay. Aliifuta yote akaweka kitu kinachoitwa Linux, ambacho ni bure na hakilemei mashine ya kizee. Ikaamka.

Omanga alitaka mchezo mmoja tu. Una jina la Kizungu ambalo sijawahi kulitamka sawasawa, kwa hiyo mimi nauita ule wa kisiwa. Watu wa kila nchi hushuka kwenye kisiwa kimoja, wanne wanne, wakapigana risasi mpaka kikundi kimoja kibaki. Ulitengenezwa kwa ajili ya Windows. Ili ucheze kwenye Linux lazima kuwe na programu ya kukaa katikati. Nashon alinieleza hivi: "Min Omanga, umewahi kwenda kortini Migori? Hakimu anaongea Kizungu, mshtakiwa anaongea Kikuria, na kuna mtu anasimama katikati. Basi hiyo ni mkalimani." Nikaelewa.

Kulikuwa pia na soja. Mchezo kama huo una wezi wake, watu wanaoweka ujanja wa kuona kupitia ukutani au bunduki inayolenga yenyewe. Kwa hiyo kampuni huweka soja ndani ya mashine ya kila mchezaji, akague kilichomo kabla ya kukufungulia. Hilo halikuhitaji fundi anieleze. Mimi ni mke wa soja. Najua kwamba soja haulizi kama wewe ni mtu mzuri. Anaangalia orodha aliyopewa, na kama hayo uliyobeba hayamo, unabaki nje. Siku zile soja alimfahamu mkalimani wetu na alimpitisha.

Omanga alianzisha kikundi. Mmoja alikuwa Irine, msichana wa familia ya wavuvi wa kisiwa cha Takawiri, anayefanya kazi ya kupokea wageni kwenye hoteli ndogo huko kisiwani na kutumia kompyuta ya hapo saa zake za mapumziko. Mwingine alikuwa Mniko, kijana Mkuria wa Isebania, mwenye mdomo. Wa nne alikuwa yeyote aliyepatikana. Walicheza Jumapili saa tisa alasiri, kamwe si Jumamosi, Sabato yetu. Ijumaa jua likianza kushuka, Omanga alizima mashine, na wenzake walikuwa wamezoea kumwambia, "Haya, nenda kwa Mungu, turudishie baraka."

Baada ya mazishi Nyamusi hakuongea karibu mwezi mzima. Kisha Jumapili moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameketi kwenye kiti cha Omanga, na kwenye kioo cha kompyuta mtu mdogo alikuwa akikimbia kwenye nyasi. Juu ya kichwa chake kulikuwa na maandishi meupe: Omanga wa Suna.

Nilitaka kumwambia azime. Badala yake nikavuta kigoda nikaketi nyuma yake, na kikapu cha ndizi kikiwa bado mkononi.

"Wenzake wanajua?" niliuliza.

"Wanajua, mama. Irine alisema jina lisitoke. Alisema kikundi ni cha Omanga."

Tangu hapo niliketi pale kila Jumapili. Mashine yetu ilikuwa dhaifu, milima ilionekana kama maboksi ya sabuni na miti haikuwa na majani. Lakini lile jina lilionekana wazi. Lilipanda kilima, liliingia nyumbani mwa watu, lilijificha nyuma ya mawe. Nilipoona linakimbilia kwenye shimo nilifumba macho. Nyamusi aligundua, na baada ya hapo alizunguka mashimo yote, hata kama njia ilikuwa ndefu na walimpiga risasi kwa sababu hiyo. Hatukuwahi kulizungumza.

Mwaka huu, mwezi wa pili, soja wa mchezo alibadilishwa.

Nyamusi alifungua mchezo, ukapakua vitu kwa nusu saa, kisha kikatokea kisanduku cheusi chenye mistari miwili. Akasoma, akafunga, akafungua tena. Kikarudi. Kampuni ilikuwa imeamua kwamba wezi wengi wanajificha upande wa Linux, na kuanzia siku hiyo hakuna wa Linux atakayeingia, mwenye ujanja na asiye na ujanja. Tulitaka kurudisha Windows. Nashon akasema kwa simu kwamba soja huyu mpya anakubali Windows mpya peke yake, nayo inataka kifaa fulani ndani ya ubao wa mashine, na ubao wetu ulitengenezwa kabla kifaa hicho hakijabuniwa.

Mniko alipiga simu jioni hiyohiyo, Irine akiwa kwenye laini pia. Nyamusi aliweka spika.

"Sister, usilie. Nina kafaili hapa," Mniko akasema. "Unaweka tu, soja anadanganyika, anaona Windows."

"Wakigundua?"

"Hawagundui. Kuna maboi wawili huku wanatumia tangu wiki jana."

"Wiki moja tu, Mniko. Wakigundua wanalifunga jina milele."

"Kwani wewe umekuwa pasta wa mtandao?"

"Mwache," Irine akasema. "Wewe Mniko hata kanisani ungeingilia dirishani, na mlango uko wazi."

"Mlango ungekuwa wazi ningeongea?"

Nyamusi akasema polepole, "Omanga hakuwahi kuingilia dirishani." Mniko akasema pole.

Ilibaki njia moja. Duka la Nashon lina mashine mpya yenye Windows. Kama Nyamusi angefungua akaunti ya Omanga pale, angekuwa akisafiri Homa Bay kila Jumapili, lakini jina lingebaki. Tukaenda pamoja. Nilibeba mkungu wa ndizi kwa ajili ya mke wa Nashon.

"Min Omanga! Leo umeniletea ndizi ama kompyuta?"

"Nimekuletea shida," nikamwambia.

Nyamusi aliandika jina na neno la siri. Mchezo ukaona kwamba mashine ni ngeni, ukasema umetuma tarakimu sita kwenye simu ya mwenye akaunti. Tukatazamana. Ile simu iko chini ya udongo wa Macalder. Lakini Nashon akasema laini isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine, pengine iko hewani. Nyamusi akaipiga kwa simu yangu. Ikaita. Nilishika ukingo wa meza.

"Haloo?" Alikuwa mwanamke.

"Samahani, dada. Hiyo namba zamani ilikuwa ya ndugu yangu."

"Sasa ni yangu. Nimeinunua Disemba."

"Najua. Kuna meseji imekuja sasa hivi, ya tarakimu sita. Tafadhali unisomee."

"Haiya! Nyinyi ni wale matapeli wa kupiga simu kutoka jela!"

"La, dada, ndugu yangu alifariki..."

"Kila wiki mnaua ndugu! Hizo tarakimu ndizo mlimwibia nazo mamangu. Shindwe!" Akakata. Tulipopiga tena alikuwa ameshatuzuia.

Nashon alicheka kwa sababu hakuwa na lingine la kufanya. Mimi sikumlaumu yule mwanamke. Ningejibu vilevile.

Nyamusi akaiandikia kampuni, akiomba wabadilishe nambari ya simu. Walijibu kwamba wanahitaji uthibitisho kuwa anayeandika ni mwenye akaunti. Nilimwona siku tatu mfululizo akiandika na kufuta. Hali yake ilirudi kuwa ile ya mwezi wa mazishi: anaacha ugali, anaosha sufuria moja mara mbili, akiitwa anaitika baadaye. Mimi ni mtu wa kuangalia. Nilisomea mpaka darasa la saba tu, lakini nyuso za wanangu nazisoma, na ule uso niliuogopa. Niliona kwamba tunampoteza Omanga mara ya pili, na kwamba Nyamusi ataondoka naye.

Nilimwambia, "Wape cheti cha kifo."

"Mama, hawa si benki."

"Benki walikataa mpaka walipoona cheti. Chama cha akiba vilevile. Karatasi zote za Omanga ni mimi niliyezizungusha."

"Achana nayo, mama. Nashughulikia."

Hakuniambia anaishughulikia vipi. Na mimi nikafanya kile ninachojua kufanya. Kwa maisha yangu yote, hapa kwetu, kila mlango uliofungwa niliufungua kwa barua ya chifu. Mtoto akitaka basari ya karo, barua ya chifu. Maiti ikitaka kusafirishwa, barua ya chifu. Sikuwahi kuona afisa aliyetazama muhuri na cheti cha kifo akamfukuza mama wa marehemu. Anuani ya barua pepe ya kampuni niliinakili kutoka kwenye kioo Nyamusi akiwa bafuni, herufi moja moja, nyuma ya kitabu changu cha lesoni ya Sabato.

Asubuhi iliyofuata, Jumatatu, nilikuwa kwenye benchi la chifu.

"Min Omanga," akasema, "si nilikuandikia ya benki?"

"Uliandika, Chifu. Hii ni ya kompyuta."

"Kompyuta imefanya nini?"

"Kuna mchezo. Jina la marehemu liko ndani, nao wamefunga."

Akavua miwani. "Mchezo wa kamari?"

"La, Chifu. Wanakimbia tu kwenye kisiwa, wakipigana risasi."

"Risasi!"

"Za uongo."

Mzee mmoja aliyekuwa akingoja nyuma yangu akamwambia chifu, "Andika tu, nyathina, mwanangu. Siku hizi hata mbinguni wataitisha barua ya chifu."

Chifu aliandika. Kwa yeyote anayehusika: kwamba mama huyu anajulikana kwake, kwamba ni mzazi wa marehemu Omanga, kwamba Nyamusi ni dada wa tumbo moja, na kwamba wasaidiwe. Akagonga muhuri mara mbili. Nikaenda cyber, duka la intaneti, msichana wa pale akapiga picha barua, cheti cha kifo na kitambulisho changu, akavituma. Aliniuliza aandike nini hapo juu. Nikamwambia aandike kwa Kizungu: Mimi ni mama yake Omanga wa Suna, tafadhali mfungulieni dada yake.

Nilirudi sokoni nikiwa nimetulia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Niliuza vizuri. Nilimnunulia Nyamusi samaki.

Jibu lilikuja Jumanne, kwenye barua pepe ya Omanga ambayo Nyamusi huifungua kwenye mashine ya nyumbani. Nilikuwa nikimenya viazi mlangoni. Nikasikia kiti kikisogea.

"Mama, nani amewatumia cheti cha kifo?"

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. "Wamejibu? Ni mimi. Wamefungua?"

Akageuza kioo kidogo, akaanza kunisomea, akigeuza Kizungu kuwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. Wanatupa pole kwa msiba. Wanashukuru kwa kuwafahamisha. Kwa sheria zao akaunti ni ya mtu mmoja tu, haiwezi kurithiwa wala kutumiwa na mwingine, hata wa familia. Kwa kuwa mwenye akaunti amefariki, imefungwa, na vilivyomo vimefutwa. Wanatutakia faraja.

"Barua ya chifu pia uliwatumia?"

"Ndiyo."

"Na kitambulisho chako?"

"Ndiyo. Nyamusi, si ni ukweli niliowaambia?"

"Ni ukweli, mama."

Akanionyesha barua nyingine, ya Jumatatu asubuhi. Alikuwa amewajibu kama yeye ndiye Omanga. Walimuuliza tarehe ya kufungua akaunti, mji, jina la kwanza alilotumia, nambari ya zamani. Aliyajua yote, kwa sababu alikuwa amekaa kando ya ndugu yake siku alipoifungua, akimshikia taa. Kampuni ilikuwa imeridhika. Walisema nambari itabadilishwa ndani ya siku mbili.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi mlango ulikuwa umeshafunguka, nami Jumatatu adhuhuri nikaenda kuufunga kwa muhuri wa serikali.

Ningependa kusema alinipigia kelele. Badala yake alichukua kisu mkononi mwangu, akamaliza kumenya vile viazi vilivyobaki. Nilimwambia nitaiomba kampuni msamaha, nitawaambia nilikosea. "Ulikosea nini, mama?" akauliza. "Kwamba hajafa?" Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu.

Usiku wa Ijumaa hiyo tulikaribisha Sabato kama kawaida, na tulipofika mahali pa kuungama sikujua niungame lipi. Kusema uongo ni dhambi, na binti yangu ndiye aliyesema uongo. Mimi nilisema kweli. Na bado mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama usoni.

Machuki aliporudi mwisho wa mwezi nilimweleza. Alisikiliza huku amevua viatu. "Soja akishaona jina la marehemu kwenye orodha hawezi kukupitisha," alisema. "Ungeniuliza."

"Ungekuwa nyumbani ningekuuliza," nikamwambia.

Nyamusi sasa anafanya kazi kwa Nashon huko Homa Bay. Nilimkatalia mara mbili, mara ya tatu nikamfungia mzigo. Anaweka Linux kwenye mashine za kizee za shule na ofisi ndogo, zile ambazo Windows mpya haizitaki, na Nashon anasema ana mkono mwepesi kuliko wake. Analala chumba kimoja na shangazi yake. Hunipigia simu Jumatano na Jumapili asubuhi. Ananiuliza ndizi zinakwendaje, goti langu linaendeleaje, na mimi namuuliza amekula nini. Anajibu kila swali.

Jumapili iliyopita alipiga saa tisa alasiri, saa ambayo hapigi. Nyuma yake nilisikia duka likiwa kimya.

"Mama, Irine na Mniko wameniomba nirudi. Nashon ameniachia ile mashine mpya. Hapa soja hana neno na mimi."

"Basi cheza, mwanangu."

"Nimefungua akaunti mpya. Imeniuliza jina. Nimeandika lake."

"La Omanga," nikasema.

"Imekataa. Inasema hilo jina liliwahi kutumika, halitolewi tena kwa mtu yeyote."

Kwetu jina la aliyekufa hupewa mtoto anayezaliwa. Shangazi wa baba yangu alikuwa na jina langu, na kabla yake mwingine. Sijawahi kusikia jina likikataliwa kwa sababu mwenyewe amekufa. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini nikaona ni aina ileile ya maneno yaliyonipeleka kwa chifu.

"Niandike gani, mama? Wananingoja."

"Andika lako," nikasema.

"Langu."

"Ndiyo. Nyamusi wa Suna."

Nikasikia vidole vyake vikiandika, kisha vikisimama. Sauti ya Irine ilitoka kwenye spika ikiuliza kama yuko.

"Imekubali?" nikauliza.

"Imekubali, mama."

Nilimngoja aseme kwamba ameingia. Alinipa pole ya kazi, akanikumbusha kumeza dawa ya goti, akakata simu. Baada ya nusu saa Irine akanipigia kutoka Takawiri, akiuliza kwa heshima kama Nyamusi ni mzima, kwa sababu jina lake jipya limeonekana kwenye mchezo, limesimama ufukweni mwa kile kisiwa pale watu wanaposhukia, halitembei, na wao wenzake hawajui wamwambie nini.